Nairobi iko karibu, mbona wageni wanatoka Warsaw?

Swali: Assalaam alaykum mtaalamu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane Jambiani, Unguja. Mwanangu anasoma utalii chuoni, na ameniambia kanuni ni kwamba watu husafiri karibu zaidi kuliko mbali, kwa hiyo nipeleke matangazo yangu Nairobi na Kampala. Lakini kitabu changu cha wageni kimejaa Waitaliano, Wajerumani na Wapolandi. Wakenya nawahesabu kwa vidole. Nina akiba kidogo ya kutangaza mwaka huu. Niamini kanuni au niamini kitabu?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Amini vyote viwili. Mwanao hajakosea, na kitabu chako hakisemi uongo. Kuna kitu kimoja katikati yao ambacho mwanao bado hajakifikia darasani, na wewe unakiona kila siku pale mapokezi bila kukipa jina.

Nianze na kanuni. Shirika la Umoja wa Mataifa la utalii limesema kwa miaka mingi kwamba kati ya kila watalii watano wa kimataifa, wanne hubaki ndani ya ukanda wao wenyewe. Mwaka 2008 mtafiti Bob McKercher wa Hong Kong na wenzake walichapisha hesabu za safari kutoka nchi na masoko 41, wakakuta asilimia 80 ya safari za nje huishia katika nchi zilizo ndani ya kilomita 1,000 kutoka msafiri alikoanzia. Mfaransa anavuka kwenda Hispania, Mmalaysia anaingia Singapore, Mmarekani anateremka Mexico, Mganda anapita Busia kwenda Kenya. Hao ndio wengi duniani. Anayekaa ndani ya ndege saa tisa aje kulala Jambiani ni wa nadra.

Sasa kitabu chako. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 730,000, na kwa miaka mingi Italia imekuwa juu kwenye orodha ya wanakotoka. Jirani zetu Kenya wana picha ya aina hiyohiyo: mwaka huohuo walipata wageni milioni 2.39, na nchi iliyoongoza ilikuwa Marekani, kilomita kama 12,000, kisha ndiyo zikafuata Uganda na Tanzania zinazopakana nayo. Ukitazama haraka utadhani umbali umegeuka kinyume.

Haukugeuka. Mwulize mwanao kama wamekwishafika kwenye kanuni ya mvutano. Mchumi Mholanzi Jan Tinbergen aliitumia mwaka 1962 kueleza biashara kati ya nchi, na watu wa utalii wakaichukua. Inasema hivi: idadi ya wanaokwenda kutoka nchi moja hadi nyingine hupanda kwa kadiri ya ukubwa wa uchumi wa pande mbili, na hushuka kwa kadiri ya umbali ulio kati yao. Kwenye biashara, umbali ukiwa mara mbili, mauzo hukaribia kupungua nusu. Tuchukue kipimo hichohicho kwa wageni wako.

Kutoka Nairobi hadi Unguja kwa njia ya anga ni kama kilomita 600. Kutoka Berlin ni kama 7,000, yaani karibu mara kumi na mbili. Umbali peke yake ungekupa Mjerumani mmoja kwa kila Wakenya kumi na wawili. Lakini uchumi wa Ujerumani ni kama mara 40 ya uchumi wa Kenya. Gawanya 40 kwa 12, unapata zaidi ya tatu. Kumbe kanuni yenyewe ya mwanao inakuambia utegemee Wajerumani watatu kwa kila Mkenya mmoja. Italia: uchumi mara 20 hivi, umbali mara kumi, inatoka mbili kwa moja. Mwanao aliangalia sehemu ya chini ya hesabu akasahau ya juu. Umbali unapunguza, ndiyo, ila unapunguza kutoka kwenye rundo kubwa mno.

Jaribu Poland, hapo ndipo mambo yanapopendeza. Uchumi wake ni kama mara saba ya wa Kenya, na Warsaw iko karibu kilomita 6,700, mara kumi na moja. Saba kwa kumi na moja: hesabu inasema Wapolandi wawe wachache kuliko Wakenya. Kitabu chako kinasema vingine. Hapo kanuni imeshindwa, na inaposhindwa ndipo inapofundisha zaidi, maana inatulazimisha kuuliza: umbali huu tunaupima kwa nini?

Kilomita hazimzuii mtu. Kinachomzuia ni nauli, saa za njiani, uchovu, karatasi na wasiwasi. Kwa kawaida vitu hivyo hupanda pamoja na kilomita, ndiyo maana kanuni hufanya kazi. Lakini vinaweza kuachana nazo, na Poland viliachana. Mawakala wa kule hukodi ndege nzima zinazoruka moja kwa moja hadi uwanja wa Abeid Amani Karume. Mtu analipa mara moja: nauli, chumba, chakula na gari la kumpokea. Anapanda usiku kwenye theluji, asubuhi anateremka kwenye joto. Saa yake ya mkononi anaisogeza mbele masaa mawili tu, kwa sababu Ulaya na sisi tumepangana kaskazini na kusini, hatukupishana sana mashariki na magharibi. Mwili wake haujachanganyikiwa. Mchana huohuo yuko baharini. Mmarekani wa New York anapishana nasi saa saba au nane, na siku mbili za kwanza anaamka usiku wa manane akitafuta chai. Kilomita zake ni nyingi zaidi, lakini siku hizo mbili zinamuuma kuliko kilomita.

Ndiyo maana Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York mwezi Oktoba 2018, haikusogeza mji hata hatua moja, ila iliondoa kituo cha katikati. Na umbali unaweza kurefuka vilevile. Urusi ilipofunga anga yake kwa ndege za Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki kwenda Tokyo iliyokuwa ya saa tisa hivi ikawa ya saa kumi na tatu. Serikali nazo huurefusha kwa kodi. Uingereza ina kodi ya abiria wa ndege iliyopangwa kwa madaraja ya umbali kutoka London, na anayekuja Tanzania au Kenya hulipa zaidi ya pauni 80 kwa kiti cha kawaida kabla ndege haijawasha injini.

Wazee wetu walilijua hili vizuri. Muscat na Unguja hazikupimwa kwa maili, zilipimwa kwa upepo. Jahazi lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na aliyechelewa msimu alikaa miezi. Mpaka leo umbali huo una namna yake. Muscat ni kama kilomita 3,900 kutoka Unguja, Lagos ni kama 4,200, karibu sawa. Lakini Muscat kuna nyumba ambamo Kiswahili ndicho lugha ya jikoni, kuna shangazi na binamu, kuna harusi na msiba wa kuhudhuria. Lagos kuna matajiri wengi wanaopenda bahari, na ndege yao inawapitisha kwanza Addis Ababa au Nairobi, nao Unguja hawana wa kumpigia simu. Mtu kutoka Muscat anaweza asije kwako kabisa, atalala kwa nduguze Malindi au Kikwajuni pale mjini Unguja, lakini amevuka bahari akiwa na moyo mwepesi. Undugu hufupisha njia.

Turudi kwa Mkenya wako, maana ndiye uliyeniulizia. Siku moja nilikaa kwenye gati la boti Dar es Salaam nikisubiri ya saa sita. Pembeni yangu palikuwa na familia kutoka Nairobi, baba, mama na watoto watatu, wamekuja kwa basi kupitia Namanga. Mama alikuwa na daftari ndogo la shule, anaandika. Basi kuja. Basi kurudi. Boti watu watano kuja, boti kurudi. Usiku mmoja wa kulala Dar kwa sababu basi liliingia usiku. Gari la kuwafikisha ufukweni. Mtoto mmoja hakuwa na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, wakalazimika kushughulikia hilo njiani, na hilo nalo likaandikwa. Alipojumlisha akamwonyesha mumewe ukurasa bila kusema neno. Walikuwa wanakwenda kukaa siku tatu.

Tazama kadi hiyo. Inadaiwa kwa anayetoka nchi yenye homa ya manjano, na Kenya imo. Mwitaliano aliyeruka moja kwa moja kutoka Milano haulizwi. Mkenya akitaka kwenda Uganda au Rwanda, tangu 2014 anavuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Akija kwetu anahitaji pasipoti au hati ya muda. Viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100 kwa siku 90, Tanzania haimo. Kwa hiyo kwenye ramani Nairobi ni jirani, lakini kwenye daftari la yule mama ni mbali.

Kama unataka mfano mkali zaidi wa umbali uliotengenezwa na watu, ni Bologonja, kivuko cha mpakani kati ya Masai Mara na Serengeti. Masai Mara na Serengeti ni mbuga moja iliyokatwa na mstari. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena 1983, lakini njia ile ya watalii kati ya mbuga mbili haikurudi. Nimesimama upande wa Mara karibu na mto Sand nikawaona nyumbu wakipita kwenda kusini kwa dakika chache. Mgeni aliyekuwa kwenye gari langu alitaka kuwafuata. Nikamweleza kwamba ili awaone upande wa pili itabidi tuzunguke hadi Isebania na Sirari, siku nzima barabarani. Hakwenda. Alibaki Kenya siku mbili zaidi, na hela zake zikabaki Kenya.

Sasa nakuja kwenye kile nilichosema mwanao hajakifikia. Gharama ya njia ni mzigo ambao mgeni anaubeba mara moja, awe atalala usiku mmoja au kumi na nne, awe atachukua chumba cha nyuma au cha mbele. Na mzigo huo hubadilisha anachonunua akishafika.

Fikiria mfanyabiashara wa machungwa Muheza. Lori la kwenda Nairobi linamtoza kwa gunia, halijali machungwa ni makubwa au madogo. Atapakia yapi? Makubwa, bila shaka. Yaliyojikunja atayauza hapohapo kijijini. Kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo anavyochagua zaidi. Wachumi Armen Alchian na William Allen waliliandika jambo hili mwaka 1964. Kwa wageni ni hivyohivyo, ila hapa anayesafiri ni mnunuzi.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu, weka zako baadaye. Chumba chako cha nyuma ni dola 40 kwa usiku, cha kuangalia bahari ni 80. Mkenya ametumia dola 250 za njia, Mpolandi 1,000. Wote wanakaa usiku saba. Mkenya akichukua chumba cha nyuma, likizo yake nzima inamgharimu 530. Akichukua cha mbele, 810. Kwake ni ongezeko la asilimia 53, atakuna kichwa. Mpolandi: 1,280 au 1,560. Ongezeko la asilimia 22. Chumba ni kilekile, bei ni ileile, lakini kwa aliyetoka mbali bahari imekuwa rahisi. Anajiambia, nimekuja huku kote nilale nyuma ya jiko? Si lazima awe tajiri kuliko Mkenya. Nimeona walimu wa shule kutoka Ulaya wakichukua chumba bora huku daktari wa Nairobi akiomba punguzo, na wote wawili walikuwa wanafanya hesabu sahihi.

Usiku nao ni hivyo. Gawanya dola 1,000 za njia kwa usiku tatu, kila usiku umebeba zaidi ya dola 330 kabla ya kitanda. Gawanya kwa kumi, ni 100. Wa mbali anajikuta analazimika kukaa. Wa karibu mwenye dola 250 anaweza kuja usiku tatu, zikawa dola 83 kila mmoja, na akarudi tena Desemba. Ndiyo maana tozo yoyote isiyohesabu siku humgonga mtu wa siku chache. Bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024, kwa Mjerumani wa usiku kumi na moja ni dola nne kwa usiku, hata haioni. Kwa mtu wa Dubai anayetaka kuja Ijumaa kurudi Jumapili ni dola 22 kwa usiku. Ningependa wanaopanga tozo wafanye mgawanyo huu kabla ya kutangaza, kwa sababu wageni wa wikiendi ndio tunaowafukuza bila kujua.

Kwa vyumba vinane, tofauti hii utaiona kwenye kamba ya kuanikia shuka. Vyumba vyako kwa mwaka ni usiku 2,920. Ukijaza nusu ni 1,460. Kwa wageni wa usiku wanane unahitaji kupokea makundi kama 180 kwa mwaka. Kwa wageni wa usiku tatu unahitaji zaidi ya 480. Fedha ya vyumba inaweza kulingana, lakini kufua, kupokea, kusafisha na kujibu simu ni zaidi ya mara mbili na nusu. Lazima bei ya usiku tatu iwe na nafasi ya kazi hiyo.

Basi nimtafute wa mbali peke yake, utaniuliza. Hapana, na sababu unaikumbuka. Machi 2020 ndege za kukodi zilisimama, na Jambiani, Paje na Nungwi zikabaki na wenyewe. Baadaye mwaka ule na mwanzoni mwa 2021 wakaja Warusi kwa wingi, kwa sababu kwao milango mingi ilikuwa imefungwa na kwetu ulikuwa wazi. Wewe hukuwaita, na walipopungua hukuwafukuza. Soko la mbali huja na kuondoka kwa uamuzi wa mtu aliye ofisini Milano au Warsaw anayepanga ndege zake. Uamuzi wake mmoja unaweza kukumalizia msimu. Familia za Nairobi, kila moja inaamua nyumbani kwake.

Halafu kuna masika. Aprili na Mei ndege nyingi za kukodi hupumzika, na hoteli kadhaa za pwani hufunga milango. Lakini Aprili shule za Kenya zina likizo, na Pasaka mara nyingi huangukia humo. Mvua haimtishi mtu wa Nairobi kama inavyomtisha Mwitaliano aliyeahidiwa jua. Yeye anakuja kwa pilau, kwa mawimbi, kwa watoto kucheza, na hajatumia akiba ya mwaka kuja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausema bila kusitasita. Hela yako ya matangazo ipeleke Nairobi. Ulaya usitangaze: laki chache zako kule zitapotea kama tone baharini, na mgeni wa Ulaya analetwa na ndege na wakala, wewe huwezi kumsogeza. Lakini hela yako ya ukarabati itumie kwa ajili ya huyohuyo wa Ulaya. Ondoa wigo wa makuti unaoziba bahari, geuza vyumba viwili vya pembeni viwe bora kweli, na bei yake usiiogope, kwa sababu yeye ameshalipa mzigo mkubwa kabla hajakuona. Mwuzie pia siku ya nane na ya tisa: mpeleke kwa akina mama wa mwani, mpeleke msitu wa Jozani, aone kwamba kuongeza usiku ni jambo la bei ndogo ukilinganisha na alichokwishatumia.

Kwa Mkenya usipunguze bei ya chumba kwanza. Mpunguzie njia. Mwandikie bei moja, kwa shilingi za Kenya, ya usiku nne kwa familia, ndani yake gari la kuwapokea uwanjani au gatini, kifungua kinywa, na mtu wa kumtumia ujumbe siku kumi kabla kumkumbusha kadi ya njano ya kila mtoto. Hilo la kadi peke yake litakupatia wateja. Yule mama wa daftari hakuogopa bei ya chumba. Aliogopa mistari ile yote ambayo hakuitegemea. Ukimfutia mitano kati ya hiyo, umeisogeza Nairobi karibu zaidi.

Na kabla hujatoa hata shilingi, chukua kile kitabu cha wageni, ukae na mwanao jioni moja. Kando ya kila jina la mwaka uliopita aandike vitu vinne: mgeni alitua kwa ndege ya moja kwa moja au alibadilisha, alilala usiku ngapi, alichukua chumba cha mbele au cha nyuma, na alikuja mwezi gani. Wapange waliotua moja kwa moja upande mmoja na waliobadilisha upande wa pili. Kama waliobadilisha ndege ndio waliolala usiku mwingi zaidi, nitumie hesabu hiyo, tuangalie pamoja vyumba viwili vipi uanze navyo.